Kutoka bakuli hadi Mwakarobo: kejeli za Simba na Yanga zinavyofanya kazi

Jumatatu ya tarehe 6 Novemba 2023 niliamka sina hamu ya kuonana na mtu. Mimi ni Simba. Nalisema mapema ili ujue makala hii inatoka upande gani. Jioni ya jana yake Yanga walikuwa wametupiga 5-1 kwenye Uwanja wa Mkapa. Nikatoka nyumbani Magomeni Mapipa, nikafika kwenye kona kwa mzee anayeuza kahawa, mtu ambaye ni Yanga tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mtani."

Akanimiminia kahawa. Nikaomba kashata moja, kama kawaida yangu. Akafunua kopo akahesabu taratibu, kwa sauti, benchi zima likimsikiliza: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akazipanga kwenye kipande cha gazeti. Halafu akatoa ya sita, akaiweka peke yake pembeni.

"Hiyo ya Kibu," akasema. "Msije mkasema tumewadhulumu."

Kibu Denis ndiye aliyetufungia lile moja.

Ukimsimulia mgeni kisa hiki atakuuliza kwa nini sikukasirika. Akiwa mtu wa takwimu atauliza na la pili: ni Simba ipi hasa iliyokuwa inachekwa? Maana tulipoingia uwanjani siku ile tulikuwa tumeshinda mechi zetu zote sita za ligi za msimu. Agosti tulikuwa tumewashinda Yanga hao hao kwa penalti kwenye Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, kipa Ally Salim akipangua tatu. Wiki mbili kabla tulitoka sare mara mbili na Al Ahly, 2-2 Dar na 1-1 Cairo, tukatolewa kwa sheria ya magoli ya ugenini. Klabu ya namna hiyo, kwa hesabu za karatasi, haiko kaburini. Lakini mtaani ilikuwa imeshachimbiwa, imeshasomewa hitma, na kibaya zaidi ni kwamba na sisi wenyewe tulianza kuamini.

Fundo la jambo hili liko hapo: timu inayofanya vizuri Afrika inachekwa kwamba imekufa, na kicheko kinauma kwa sababu kina ukweli ndani yake. Kulifungua fundo hili inabidi tuanzie mbali kidogo na mpira.

Magazeti yetu yanapoandika "watani wa jadi" huwa hatulitafakari tena hilo neno, limekuwa kama jina la ukoo. Lakini utani ni taasisi. Wanyamwezi na watu wa pwani walitaniana tangu enzi za misafara iliyotoka bara kuja Bagamoyo. Wangoni na Wahehe walipigana vita kwanza, utani ukaja baadaye. Kila mwenye babu kijijini anajua mtani anavyofanya msibani: wenzake wanalia, yeye anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anakalia jeneza, anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Hapigwi wala hafukuzwi. Na ni huyo huyo anayekata kuni, anayechota maji, anayehakikisha waombolezaji wamekula. Ruhusa ya kucheka inakuja na kazi.

Mashabiki wa Simba na Yanga hawakukaa chini wakaandika kanuni, ila ukiwatazama vizuri utaona wamerithi karibu kila kitu. Wanabeba jeneza lenye rangi za mwenzao hadi uwanjani. Wanaweka turubai la msiba mtaani baada ya kipigo. Wanavaa kaniki na kupitisha daftari la rambirambi. Na aliyefiwa hana haki ya kununa. Akinuna, kosa linakuwa lake, na kejeli inaongezeka mara mbili. Ndiyo maana nilizila zile kashata zote sita pale pale kwenye benchi, na nikazilipia.

Kitu kingine kilichorithiwa kutoka kwenye utani wa zamani ni kwamba mtani hasemi uongo mtupu. Anatia chumvi, anaigiza, anapindisha, lakini lazima kuwe na kipande cha kweli ambacho hata anayetaniwa anakitambua, la sivyo benchi halicheki. Ndiyo maana ukitaka kujua klabu hizi mbili zimeporomoka lini na kwa sababu gani, orodha ya majina ya kuchekana inakueleza vizuri kuliko ripoti ya mwaka ya klabu yoyote.

Chukua "kandambili". Vijana wengi wanadhani ni tusi tu la hali ya maisha. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga, iliyokuwa imetoka kutuchapa 2-1 kwenye mechi ya ubingwa pale Nyamagana, Mwanza, Agosti 1974, ilipasuka vipande viwili: Yanga Kandambili na Yanga Raizoni, upande mmoja ukiitwa kwa malapa ya watu wa kawaida, mwingine kwa viatu vya soli ndefu vilivyokuwa fasheni ya wenye nazo. Ugomvi ule ndio uliozaa Pan African mwaka 1976, wachezaji nyota wakaondoka. Tarehe 19 Julai 1977 Simba tukawafunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akipachika matatu peke yake. Watu hukumbuka matatu ya Kibadeni na kusahau kwamba aliyefungwa alikuwa amejikata mguu mwenyewe. Neno kandambili limebaki kama kovu.

"Vyura" nalo ni la jiografia. Makao ya Yanga yako Jangwani, bondeni kabisa, na mto Msimbazi ukifura masika ile barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi hugeuzwa, na klabu ile ina historia ndefu ya maji kuingia ndani. Chura ni mkazi halali wa pale. Yanga hawakukaa kimya: kwao Simba ni "mikia", kwamba katika mnyama yule mkubwa wao wanaiona sehemu ya nyuma tu. Na mwaka 2013 mwenyekiti wetu wa wakati huo, Ismail Aden Rage, katikati ya mgogoro wa uongozi, aliwaita wanachama wa klabu yake mwenyewe "mbumbumbu". Yanga hawakuhitaji kuongeza neno. Mtani akikuletea silaha nyumbani kwako, unafanya nini zaidi ya kushukuru?

Lakini kipindi kinachoeleza vizuri zaidi jinsi kejeli inavyofuata mporomoko ni cha 2017 hadi 2021, na hapa mcheshi alikuwa mimi.

Yanga walikuwa wametwaa ubingwa mara tatu mfululizo, msimu wa 2014/15 hadi 2016/17, chini ya mwenyekiti mfanyabiashara Yusuf Manji. Manji akajiuzulu Mei 2017. Ikaonekana kwamba nyuma ya makombe yale palikuwa na mfuko wa mtu mmoja, na mfuko ulipofungwa mishahara ikaanza kusuasua, wachezaji wakagoma mara kadhaa, wengine wakaondoka. Kiungo wao Haruna Niyonzima alivuka barabara akaja kwetu mwaka huo huo. Upande wetu mambo yalikuwa kinyume: tukasajili Emmanuel Okwi, tukawachukua kwa mkupuo John Bocco, Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni kutoka Azam, na Desemba 2017 Mohammed Dewji akatangazwa mshindi wa zabuni ya hisa za klabu kwa shilingi bilioni 20.

Yanga wakaanza kuchangishana. Kocha Mwinyi Zahera mwenyewe alisimama mbele kuwaomba mashabiki watoe walichonacho ili timu iende. Ukilitazama kwa jicho la haki, lile lilikuwa jambo la heshima: watu wa kawaida, wauza mitumba na makondakta, wanaikoa klabu yao kwa elfu mbili elfu mbili. Sisi hatukuwa na jicho la haki. Tuliliita "kutembeza bakuli". Yanga akiingia dukani, muuzaji wa Simba anamwekea bakuli mezani. Yanga wakipata sare ugenini, tunauliza kama nauli ya kurudi imetimia.

Kisha Haji Manara, msemaji wetu wakati huo, akalisambaza neno "utopolo". Ukiliuliza maana yake utapewa majibu kumi, na ndiyo nguvu yake: linasikika kama kitu kilichochuja, kisicho na mpangilio, na mtu anacheka kabla hajaelewa. Ndani ya miezi michache lilikuwa limeshafupishwa kuwa "Uto", na leo hata Yanga wenyewe wanalitumia kwa kujisifu. Jina la kejeli likishavaliwa na mwenyewe kama fulana, limekufa. Wakati ule lilikuwa bado linachoma.

Kejeli ya mbinu nayo ilizaliwa hapo. Simba ya 2018 hadi 2021 ilikuwa na Clatous Chama na baadaye Luis Miquissone, ikacheza pasi fupi fupi hadi mashabiki wakaliita "pira biriani". Wale wa Yanga tukasema wanacheza "papatupapatu", mpira wa kubutua na kukimbilia. Kwenye nusu fainali ya Kombe la FA Julai 2020 tuliwafunga 4-1 na hilo biriani likagawiwa mtaa mzima. Tukachukua ligi mara nne mfululizo.

Ninachotaka ukione hapa ni jinsi mzaha wa mbinu unavyotofautiana na mzaha wa matokeo. Kumwambia mtu "mmefungwa" kunamgusa kwa siku mbili tatu. Kumwambia "hamjui mpira, mnabahatisha" kunamfuata hata akishinda. Shabiki wa Yanga wa wakati ule alikuwa anashinda 1-0 Jumamosi, Jumatatu anakuta tunamuuliza kama kweli alifurahia kuangalia. Unamnyang'anya hata ushindi wake. Ni kejeli katili, kwa sababu inadai kuona kitu ambacho ubao wa matokeo hauonyeshi.

Na kwa sababu ni katili, ndiyo iliyorudi kwa kasi kubwa zaidi.

Agosti 2021 tuliwauza Miquissone kwa Al Ahly na Chama kwa RS Berkane, wote kwa mpigo. Klabu ya Afrika Mashariki ikiletewa fedha za namna hiyo ni vigumu kukataa, sizilaumu hesabu. Ila biriani lilipikwa na watu wawili na wote waliondoka jikoni siku moja. Upande wa pili, Yanga chini ya udhamini wa kampuni ya GSM walikuwa wameleta kikosi kipya karibu chote: kipa Djigui Diarra, Khalid Aucho, Yannick Bangala, Djuma Shaban, na yule Fiston Mayele ambaye kila akifunga alitetema mwili mzima kama mtu mwenye homa. Septemba 2021 akatufunga kwenye Ngao ya Jamii na akatetema. Wiki ile nzima watoto wa shule ya msingi mtaani kwetu walikuwa wanatetema kila wakiniona nafungua geti.

Na Manara? Alishahama. Agosti hiyo hiyo alitambulishwa Yanga, akaanza kutuchamba kwa ustadi ule ule aliotumia kwa ajili yetu. Wengi walimwona msaliti. Mimi niliona ukoo umerudi nyumbani: baba yake, Sunday Manara, ndiye mmoja wa waliotufunga pale Nyamagana mwaka 1974.

Hapo ndipo likazaliwa jina ninalolikubali kuliko yote, kwa ufundi wake. "Mwakarobo." Majina ya ukoo ya Wanyakyusa wa Mbeya mara nyingi huanza na "Mwaka": Mwakalinga, Mwakasege. Mtu asiyejulikana akachukua kiambishi hicho, akakifunga na "robo", na Simba akawa raia wa Mbeya ambaye ukoo wake wote huishia robo fainali. Lifikirie: neno moja, lina utani wa kikabila ndani ya utani wa mpira, lina takwimu, na halina tusi hata kidogo.

Takwimu yenyewe ni ya kweli. Msimu wa 2018/19 tulifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, TP Mazembe wakatutoa kwa 4-1 Lubumbashi. 2020/21 robo fainali tena, Kaizer Chiefs wakatupiga 4-0 kwao, tukarudisha matatu Dar yasiyotosha. 2021/22 Kombe la Shirikisho, Orlando Pirates kwa penalti. 2022/23 Wydad Casablanca, penalti tena. 2023/24 Al Ahly, nje ndani. Robo fainali tano ndani ya misimu sita.

Mtu wa Kampala au Kigali akiiona orodha hiyo atasema hii ni klabu kubwa inayopanda. Na ana haki. Ni klabu chache sana za ukanda wetu zilizowahi kugonga mlango ule mara tano kwa muda mfupi hivyo. Lakini kejeli imechukua rekodi hiyo hiyo ya mafanikio na kuigeuza kuwa rekodi ya kushindwa, bila kubadilisha namba hata moja. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama. Ukisimama chini unamwona mtu aliyepanda ngazi tano. Mtani anasimama juu ya paa na kukuonyesha kwamba kila mara umeishia ngazi ya tano.

Na paa hilo halina uhusiano na Shirikisho la Afrika. Kipimo cha mtani ni mtani. Kuanzia 2021/22 Yanga walichukua ligi mwaka baada ya mwaka, wakacheza mechi 49 za ligi bila kupoteza hadi Ihefu walipowasimamisha 2-1 Novemba 2022. (Siku ile Ihefu, timu ya Mbarali, ilipata mashabiki wapya Kariakoo nzima.) Mwaka 2023 wakafika fainali ya Shirikisho na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa sheria ya goli la ugenini. Sisi tulikuwa nafasi ya pili nyumbani na robo fainali nje. Hiyo ni timu nzuri. Tatizo ni kwamba jirani alikuwa na gari jipya.

Sasa turudi kwenye ile 5-1, maana ndiyo iliyozifunga kamba zote pamoja. Mpaka mapumziko ilikuwa 1-1, Kennedy Musonda amefunga mapema, Kibu amerudisha. Ukiitazama tena, usiangalie magoli, angalia nafasi iliyokuwa wazi nyuma ya mabeki wetu wa pembeni. Kapombe na Mohamed Hussein "Tshabalala" walikuwa wanapanda kama walivyozoea tangu enzi za biriani, lakini viungo waliokuwa wanawafunika enzi zile hawakuwepo tena, na waliokuwepo hawakuwa na pumzi ya kurudi. Miguel Gamondi, kocha wa Yanga, alikuwa na kina Max Nzengeli wanaokimbia mechi nzima. Kipindi cha pili walikaba juu, wakapora mipira, wakaingia kwenye yale mashimo: Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua penalti. Manne ndani ya dakika 45.

Benchi la kahawa lilikuwa limeshayaona haya kabla. Malalamiko juu ya kocha wetu Robertinho yalikuwa hayo hayo kwa miezi: anashinda, lakini timu haichezi. Yanga walikuwa wakituimbia kwamba tuna "kikosi cha wastaafu", kwamba biriani limechacha. Sisi tukawa tunajibu kwa msimamo wa ligi. Ukumbuke ni sisi tuliowafundisha kejeli hii, ya kumwambia mshindi kwamba hajui mpira. Siku mbili baada ya mechi Robertinho akafukuzwa. Kocha mwenye ushindi sita kati ya mechi saba za ligi alifukuzwa kwa mechi moja, na hakuna shabiki wa Simba niliyemsikia akimtetea. Unaona nguvu ya mtani? Hatukumfukuza kwa pointi. Tulimfukuza kwa vidole vitano.

Maana vidole vitano vilikuwa kila mahali. Yanga msimu ule walikuwa wameshazipiga tano KMC, ASAS ya Djibouti na JKT Tanzania, kwa hiyo "kono la nyani" lilikuwa wimbo kabla halijatufikia. Kondakta wa daladala akidai nauli anafungua kiganja. Mtu anakupungia mkono ng'ambo ya barabara, hujui kama ni salamu au ni ripoti ya mechi.

Hapa inabidi nikiri jambo. Mchezo wa kashata niliuanzisha mimi.

Tarehe 6 Mei 2012, siku ya mwisho ya msimu, tuliwafunga Yanga 5-0 tukiwa mabingwa, Okwi akifunga mawili. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mzee yule yule, kona ile ile, nikamwomba kashata tano na kumtaka azihesabu mwenyewe kwa sauti. Alizihesabu. Mkono haukumtetemeka. Kwa miaka 11 kila nikigombana naye kwa maneno nilimwonyesha kiganja tu na mazungumzo yakaisha. Alivumilia miaka 11. Alipoipata nafasi hakutumia neno hata moja ambalo sikuwa nimelitumia mimi kwanza.

Kuna mambo yanayouharibu mchezo huu, na sitayapitisha kwa kicheko. Kejeli inategemea kipande cha kweli kinachoonekana na wote. Ikishaanza kusema yasiyoonekana, inakuwa kitu kingine. Maneno kama "bahasha", kwamba fulani amewanunua wapinzani, au "mbeleko", kwamba waamuzi wanaibeba timu mgongoni, yanaingia kwenye midomo ya pande zote mbili kila msimu, na hayana pa kuthibitishiwa kwenye benchi la kahawa. Mtu akiniambia biriani limechacha, nina la kumjibu. Akiniambia tumenunua mechi, ananiambia nisicheze naye tena. Halafu kuna wanaochukua maumbile ya mchezaji, rangi yake, ugonjwa wake. Utani wa zamani ulikuwa na wazee wa kusema basi. Kwenye simu hakuna mzee.

Tunao na wasemaji wa klabu. Sijui nchi nyingine ambayo klabu zinaajiri mtu ambaye kazi yake, ukiacha heshima pembeni, ni kumchamba jirani kwa mshahara. Manara aliifanya ikawa sanaa, Masau Bwire akiwa Ruvu Shooting akawatishia vigogo kwamba atawapapasa, na siku hizi Ahmed Ally wa kwetu na Ali Kamwe wa Yanga wanarushiana maneno kama wapinzani wa kampeni. Nawapenda. Lakini wamebadilisha kitu. Zamani jina la kejeli lilitoka chini, kwa mtu asiyejulikana kama yule wa Mwakarobo, likapimwa na vijiwe mia kabla ya kukubalika. Sasa mengine yanazinduliwa kama bidhaa, na mengi hayamalizi mwezi.

Mwaka 2025 mambo yaligeuka vituko. Mechi ya Machi 8 haikuchezwa: jioni ya siku iliyotangulia Simba walikwenda kufanya mazoezi kwa Mkapa wakazuiwa kuingia, wakatangaza kwamba hawatacheza, Bodi ya Ligi ikaahirisha, na Yanga wakafika uwanjani kama kawaida. Yanga wakatuita wakimbizi. Halafu wao wakaapa kwamba mechi hiyo hawaichezi tena, sisi tukawaita wakimbizi. Kwa miezi mitatu vijiwe vilijadili kanuni za ligi kwa vifungu, wauza machungwa wakawa mawakili. Ukweli ni kwamba kila upande ulikuwa na njaa. Kejeli bila mechi ni kama kahawa bila kashata.

Katikati ya mvutano huo Simba chini ya Fadlu Davids tukafanya lililokuwa linasubiriwa. Tukawatoa Al Masry kwa penalti kwenye robo fainali ya Shirikisho, tukawatoa Stellenbosch nusu fainali, tukaingia fainali. Mwakarobo akafa rasmi. Nilikwenda kwa mzee nikiwa nimenyoosha shingo. Hakubisha hata kidogo. Alisema tu, "Karibuni huku fainali, sisi tulishapaona." RS Berkane wakatufunga 2-0 kwao, tukatoka 1-1 Amaan, Zanzibar. Mzee hakugusa kopo siku hiyo. Alinimiminia kahawa na hakupokea hela, na hilo lilinikumbusha kazi ya mtani msibani.

Mechi iliyoahirishwa ikachezwa Juni 25, na ikawa ndiyo ya kuamua ubingwa. Yanga 2, Simba 0. Pacome kwa penalti, Clement Mzize la pili. Ubingwa wao wa nne mfululizo.

Alhamisi asubuhi nilifikiria kupita njia ya nyuma, nikaona aibu. Nikafika kwenye kona, nikaamkia, nikakaa. Mzee akafunua kopo bila mimi kuomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa kashata mbili. Akatoa ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mzee wangu, zilikuwa mbili."

"Hizi sihesabu magoli, mtani." Akatoa ya nne. "Novemba, Aprili, Agosti, Oktoba." Akaiweka ya tano juu ya gazeti na kufunika kopo. "Na jana."